Kesho Nimpe Nani?

Jumatano moja usiku, kwenye meza yetu ya Ruiru, kulikuwa na vitu viwili ambavyo sikutarajia vikutane. Cha kwanza ni simu yangu, imefunguka kwenye somo la Kiholanzi nililokuwa nimefikia, lile la viungo vya mwili. Cha pili ni kipande cha plastiki cha ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya kiatu. Binti yangu wa Gredi ya 3 alikitoa kwenye begi akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu nene, kwa Kiingereza, kwamba aliyevaa hiki hakuzungumza lugha ya shule.

Nilikijua papo hapo. Chetu kilikuwa cha mbao, lakini nilikijua. Sisi tulikiita diski, na wao pia wanakiita diski.

"Ulisema nini?" nikamuuliza.

Alikuwa amemsalimia bawabu. Bawabu wa shule yao ni mzee wa mvi ambaye mtaa mzima unamwita guka, na shosho yake kule Gatundu amemfunza kwamba mzee hapitwi bila salamu. Basi akapita langoni akasema, "Wĩ mwega, guka?" Mwenzake wa darasa aliyekuwa na diski siku hiyo akasikia. Faini shilingi 20, dayari itiwe sahihi na mzazi, na diski alale nayo hadi amkamate mwingine.

Kisha akaniangalia na kuuliza swali ambalo hakuliona kuwa swali zito. "Mami, kesho nimpe nani?"

Sikumjibu. Nilimwambia amalize ugali. Kujieleza kwa nini sikujibu itabidi nizunguke kidogo, nipite Uholanzi na Afrika Kusini na Eldoret, kwa sababu ni huko nilikoanza kuielewa hiyo plastiki. Nivumilie.

Mimi nafanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Thika. Waridi linakatwa alfajiri, linatiwa majini, linaingia chumba cha baridi, halafu linakuja kwetu kupangwa kwa urefu wa shina, kufungwa mafungu na kutiwa kwenye katoni. Usiku linaelekea uwanja wa ndege. Mengi yanaishia Uholanzi, na mengine yanafika Aalsmeer, kwenye mnada ambao bei yake inaanzia juu na kushuka. Kuna kitu kama saa kubwa, mshale unateremka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayenunua. Ukiwa na pupa umelipa zaidi, ukizubaa maua yameenda. Mara ya kwanza kuelezwa nilidhani natanizwa, maana huku kwetu mnada unapanda.

Meneja wetu ni Mholanzi. Si mtu mbaya. Na sisi wasimamizi anaongea Kiingereza, na madereva anaongea Kiswahili cha maneno sita, na akitaka kuongea hasa anatoka nje na simu yake, anasimama karibu na jenereta, anaongea Kiholanzi. Hapo ndipo palipotuuma. Akicheka kwenye simu, sisi ndani tunahesabu nani kandarasi yake inaisha. Akiongea kwa hasira, mtu anasema, "Leo kuna mtu anaenda nyumbani." Lugha usiyoielewa inakuwa kama chumba kilichofungwa. Unasikia watu wanasonga ndani na unaamini wanakusema wewe.

Nikapakua programu ya kujifunza. Wenzangu niliwaambia nasaka promosheni. Ukweli ni kwamba nilitaka umbea.

Miezi minane. Kiholanzi si lugha ngumu kwa mtu aliyesomeshwa Kiingereza, nusu ya maneno yanafanana kama binamu. Kinachosumbua ni ile G yao inayotoka kooni. Mtu wa Lamu anayesema *ghali* na *khatari* bila kufikiri angeitoa vizuri, lakini mimi wa Gatundu nilikohoa wiki mbili. Halafu nambari. 25 kwao ni tano-na-ishirini, tano inatangulia, kwa hiyo ukiandika hesabu ya katoni huku unasikiliza utaandika 52 na utakuja kuelezea.

Siku nilipoelewa, nilikuwa nimebeba vifuniko vya katoni, nimesimama hatua chache kutoka kwa jenereta. Nilisikia *knie*. Nilisikia *trap*, ngazi. Nilisikia *pillen*, na *mam*, na tena *mam*. Alikuwa anamuuliza mama yake kama goti bado linauma, kama amemeza dawa, na kwa nini anapanda ngazi wakati aliambiwa asipande. Alikuwa anamgombeza mama yake kwa upendo, vile mimi namgombeza wangu kuhusu presha. Ndiyo siri yenyewe hiyo. Miezi minane ya bando, na siri ni goti la mama wa mtu.

Nilirudi ndani na aibu ambayo sikujua niiweke wapi.

Lakini kujifunza kitu kuna tabia ya kukufungulia mlango ambao hukuubisha. Nikaanza kugundua kwamba Kiholanzi kilikuwa kimeshaingia nyumbani kwangu zamani, kimya kimya, kikipitia Kiingereza. Tunasema *bosi*. Waingereza walilipata neno hilo kutoka Marekani, na Wamarekani walilipata kwa walowezi Waholanzi walioishi New York ilipokuwa bado inaitwa New Amsterdam, kabla ya 1664. Kwa Kiholanzi ni *baas*, bwana. Tunasema *kupiga deki*. Deki ni ile sakafu ya meli ambayo mabaharia waliisugua, na Waingereza waliichukua kwa Waholanzi, ambao kwao *dek* ni kifuniko. Na ukikosa nauli pale stegi, unasema nini? Unasema uta-*trek*. *Trekken*, kuvuta. Ni neno la magari ya kukokotwa na ng'ombe, lilipitia kwa Makaburu wa Afrika Kusini likatufikia sisi tunaotembea kutoka Bypass hadi Kimbo saa moja jioni kwa sababu mvua imenyesha na matatu zimepandisha.

Bosi, deki, trek. Ukitaka kueleza maisha ya mtu wa mshahara wa shamba, hayo matatu yanakutosha kuanzia.

Na Kaburu lenyewe. Nikiwa mdogo nilidhani Makaburu ni watu wa makaburini, na kwa habari zilizokuwa redioni sikuona sababu ya kubadilisha mawazo. Kumbe linatokana na *boer*, ambalo kwa Kiholanzi ni mkulima tu. Hata Thika walikuwapo. Kitabu cha Elspeth Huxley kuhusu utoto wake hapa, kile kilichotoka 1959 na kulifanya jina la Thika lijulikane London, kina jirani Kaburu ndani yake. Ila wengi walipita wakaenda juu zaidi. Mwaka 1908, miaka 3 baada ya Waingereza kumuua Koitalel arap Samoei, kikundi kilichoongozwa na Jansen van Rensburg kilishuka melini Mombasa, kikapanda treni hadi Nakuru, kisha magari ya ng'ombe, matope na baridi, hadi Uasin Gishu. Mji waliouanzishia maisha, Eldoret, uliitwa kwanza Sixty-Four, kwa nambari ya shamba, na wenyeji wakaugeuza Sisibo. Kanisa lao waliliita Vergenoeg. Nilipokutana na neno hilo nililielewa bila kamusi: mbali vya kutosha.

Mbali na nini? Mbali na Waingereza, kwa kiasi kikubwa. Vita vya 1899 hadi 1902 vilikuwa vimewamaliza. Zaidi ya wanawake na watoto wao 26,000 walikufa kwenye kambi walimofungiwa, na Waafrika weusi maelfu kwa maelfu wakafa kwenye kambi zao, ingawa hao hawakuwekewa minara ya kumbukumbu haraka hivyo. Baada ya vita, Lord Milner aliamua kwamba dawa ya Kaburu ni kumfanya Mwingereza, na mahali pa kuanzia ni shule. Masomo yawe kwa Kiingereza. Kiholanzi kikaachiwa masaa machache kwa wiki. Na hapa ndipo nilipoacha kunywa chai yangu. Makaburu wamesimuliana kizazi baada ya kizazi kwamba mtoto aliyekamatwa akiongea Kiholanzi shuleni alivishwa kibao shingoni, na kibao kilisema kwamba yeye ni punda.

Punda. Wewe msomaji, kama umesoma kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha 1986 kuhusu kuondoa ukoloni akilini, unajua kwa nini nilishtuka. Ngũgĩ, aliyezaliwa Limuru 1938, anasimulia kibao kama hicho, punda yuleyule, shingoni mwa watoto waliosema Kikuyu. Ni dola moja hiyo, na inaonekana haikuona haja ya kutafuta mnyama mwingine.

Sasa ungedhani watu waliovishwa kibao hicho wangekuwa wa mwisho duniani kumvisha mtoto mwingine. Kiafrikaans, lugha iliyozaliwa na Kiholanzi chao, kilipata hadhi ya lugha rasmi 1925. Mwaka 1948 chama chao kikashika serikali. Na 1974 serikali hiyo ikaamuru kwamba nusu ya masomo kwenye shule za weusi, hesabu ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikaans, penda usipende. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliandamana na polisi wakawapiga risasi, Hector Pieterson akiwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Sisi tunaiadhimisha siku hiyo kama Siku ya Mtoto wa Afrika, tangu Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoiweka 1991. Shule ya binti yangu huiadhimisha pia. Wanaimba, wanapewa soda. Na kilomita chache kutoka Ruiru, pale Kahawa, kuna kijiji kinaitwa Soweto, sina haja ya kukueleza kwa nini watu wa mabati walichagua jina hilo.

Vijana wengi ninaowasikia wakibishana mambo haya kwenye matatu au mitandaoni wana majibu mawili. La kwanza: lugha ya mkandamizaji ina hatia, tuitupe. La pili: lugha ni chombo tu kama jembe, haina kosa, jifunze zote uende mbele. Nilikuwa wa jibu la pili kwa muda mrefu, ni jibu linalolipa mshahara.

La kwanza nimelishindwa kwa sababu ya goti la yule mama. Na kwa sababu ya Kiafrikaans chenyewe. Hakikutengenezwa na mabwana. Waholanzi walipofika Rasi mwaka 1652 na kuanza kuleta watumwa, kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji, ni midomo ya hao watumwa na ya Wakhoikhoi iliyokikunja Kiholanzi kikawa kitu kipya. Wasomi walikidharau, wakakiita lugha ya jikoni, jinsi walimu wetu wanavyoisema Sheng. Na ukitaka kushangaa: baadhi ya maandishi yake ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Waislamu wa Cape Town, kama babu zetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Kitabu cha Abu Bakr Effendi cha mafunzo ya dini kilichapishwa Istanbul 1877. Kwa hiyo tukisema Kiafrikaans kina hatia, tunamtia hatiani yule mpishi wa Cape Town pamoja na waziri aliyetia sahihi amri ya 1974. Haikubaliki.

Lakini jibu la pili nalo ni rahisi mno. Nenda umwambie mtoto wa Soweto kwamba hesabu ni hesabu tu, haijalishi imeandikwa kwa lugha gani. Lugha haiji peke yake. Inaletwa na mkono wa mtu, na mara nyingine mkono ule mwingine umeshika fimbo.

Tena kuna fimbo ya pili ambayo hatuizungumzii sana, ya kunyimwa. Ukipita Java kunywa kahawa, kumbuka Java ni kisiwa, na ni Waholanzi waliokigeuza shamba la kahawa la dunia. Kuanzia 1830 wakulima wa huko walilazimishwa kutenga sehemu ya ardhi yao kulima mazao ya serikali. Wakati huohuo wenyeji wengi hawakufunzwa Kiholanzi. Utawala uliendeshwa kwa Kimalay. Ndiyo maana Indonesia ilipotangaza uhuru 1945, baada ya miaka 300 na ushee ya Waholanzi, lugha yao iliondoka nao kama koti. Walionyimwa hawakuwa wametendewa hisani. Mtumishi asiyejua lugha ya mezani hawezi kujibu mezani. Hapa kwetu, kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika, walowezi wengi Waingereza walifanya vivyo hivyo: Mwafrika aliyewajibu kwa Kiingereza kizuri aliwaudhi, alionekana amejipandisha. Wakamtengenezea Kisetla, Kiswahili cha amri tupu, lete, peleka, upesi. Kulazimishwa na kunyimwa, vyote ni mtu mwingine kushika ufunguo wa mdomo wako.

Basi hatia iko wapi? Ili nijibu lazima niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Nilikuwa darasa la sita, shule ya msingi ya upande wa Thika. Sheria ya diski ilikuwa fupi. Ukikamatwa unavaa. Unaiondoa kwa kumkamata mwingine. Anayelala nayo Ijumaa anapigwa, halafu anabaki kupiga deki madarasa. Ijumaa hiyo nilikuwa nayo mimi, na ilikuwa saa tisa na robo, na hakuna aliyeteleza. Kila mtu alikuwa ameishona midomo.

Kando yangu kwenye dawati alikaa rafiki yangu. Mkamba, baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mananasi. Tuligawana kalamu, tuligawana mandazi. Nilijua kitu kimoja: mtu akiumia ghafla hachagui lugha. Nilikuwa na viatu vya Bata vya ngozi, yeye alikuwa na ndala. Nikainuka kama ninayetaka kuokota rula, nikamkanyaga vidole kwa kisigino, kwa nguvu.

Akalia, "Mwaitu!"

Maana yake ni mama yangu. Nilimvisha diski kwa kumwita mama yake.

Ukiniuliza nilihisi nini, jibu la ukweli ni nafuu. Nilienda nyumbani mapema. Sikumwonea huruma hadi Jumatatu, na hata Jumatatu nilijiambia kwamba sheria sikuitunga mimi. Hiyo ndiyo akili ya diski, na aliyeibuni aliielewa kuliko sisi. Mwalimu hana haja ya kutufuata uwanjani. Ameweka kitu kinachouma shingoni mwa mtoto, na njia moja tu ya kukitoa, nayo ni shingo ya mwenzake. Baada ya hapo anaweza kukaa ofisini anywe chai. Kazi tutafanya sisi.

Ninapowaza Makaburu sasa, siwaoni kama watu waliosahau kibao chao. Watu husema hivyo, ati walisahau. Hawakusahau hata siku moja, walikisimulia, walikijengea minara, na kwa sababu walikikumbuka waliona wana haki. Kibao kiliwafunza kwamba shingo lazima iwepo, na wao wameshalipa zamu yao. Kuumizwa hakukuwafanya wapole. Kwa nini tulidhani kungewafanya? Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa diski tangu asubuhi nilipomkanyaga rafiki yangu.

Kuna mtu mmoja wa Kiholanzi ninayemrudia sana, kwa sababu ananikatalia kusema kwamba mambo hayawezi kuwa vingine. Ubelgiji, tangu kuundwa kwake 1830, Mflemi anayeongea Kiholanzi alidharauliwa na wenye Kifaransa. Mahakama Kifaransa, jeshi Kifaransa, hadi chuo kikuu cha Ghent, kilicho katikati ya Waflemi, hakikufundisha kwa Kiholanzi kikamilifu hadi 1930. Gustaaf Hulstaert, padri Mflemi aliyezaliwa 1900, alitoka huko akaenda Kongo, kwa Wamongo. Alikuwa na kila sababu ya kupitisha alichopokea. Badala yake alitumia maisha yake akiandika kamusi na sarufi ya Lomongo, akipigania watoto wafundishwe kwa lugha ya mama, na 1937 yeye na Edmond Boelaert wakaanzisha jarida la Aequatoria. Simfanyi malaika. Alikuwa mtu wa misheni ndani ya koloni, na alipenda kuwaamulia Wamongo Kimongo kilicho safi ni kipi. Lakini kibao kilipofika shingoni mwake hakukitafutia shingo nyingine. Inawezekana, basi. Na kama inawezekana, siwezi kujificha nyuma ya saa tisa na robo.

Rafiki yangu nilikutana naye mwaka jana, Makongeni, ana kibanda cha nguo za watoto. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulicheka, tukauliziana watoto, na nilipoona mazungumzo yanaenda vizuri nikamwambia, "Unakumbuka ile siku ya diski? Nimekuwa nikitaka kukuomba msamaha."

Akasema, "Wewe nawe. Hayo ni ya utoto." Akanipunguzia bei ya sweta.

Halafu, akiwa anaifunga, akasema bila hasira yoyote kwamba watoto wake hajawafunza Kikamba hata neno. "Kwa nini wateseke?" Mama yake akija kutoka Kilimambogo wanamsalimia kwa Kiingereza, na yeye anakaa pale kati akitafsiri. "Wanamwita granny," akasema, akacheka tena, lakini si sana.

Nililipa, nikaondoka na sweta. Nilikaa kwenye matatu hadi Ruiru bila kutoa simu. Diski niliyompa haikuwahi kurudishwa ofisini Jumatatu ile. Aliendelea nayo.

Na hapa sitaki ujanja. Kiingereza changu ndicho kilichonitoa kwenye foleni ya vibarua nikawa msimamizi. Siku ya mahojiano walikuwepo wanawake wenye mikono hodari kuliko yangu, nikachaguliwa mimi kwa sababu niliweza kuandika ripoti. Nalipa karo ya shule yenye diski, na nililipa nikijua aina ya shule ninayoitafuta. Mtaala wa sasa unasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini mzazi anayetafuta shule Ruiru haulizi hilo. Anauliza, "Wanaongea Kiingereza?" Niliuliza hivyo mimi. Kwa hiyo nikisema mwalimu ameshika kibao, karo yangu imeshika kamba yake.

Usiku ule nilimlaza mtoto, nikapiga deki jikoni saa nne kasoro bila sababu, nikakaa mezani na ile plastiki. Simu ikanikumbusha kwamba sijamaliza somo. Nikamaliza. Swali la mwisho lilikuwa la wanyama: *ezel*, punda. Chini yake wameeleza kwamba Waholanzi huita hivyohivyo ile miguu mitatu ya mbao inayobeba picha ya mchoraji, au ubao wa darasani, kwa sababu kazi yake ni kubeba. Waingereza wakalichukua, *easel*.

Asubuhi alikuwa ameshavaa sare kabla sijamwamsha. Alikuwa amefikiria. "Kuna msichana mgeni," akaniambia, "ametoka Kitui, Kiingereza chake bado. Huyo ni rahisi."

Nikachukua ile diski nikaitia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu.

"Hutampa mtu," nikamwambia. "Nitampelekea mwalimu mwenyewe. Na hizo shilingi 20 silipi, nitamweleza kwa nini."

"Atakasirika."

"Anaweza."

"Na wewe utachelewa kazi."

"Nitachelewa."

Nilimtumia bosi ujumbe. Matatu za asubuhi zilikuwa zimejaa, nikamwambia tutatrek, si mbali. Njiani alinishika mkono, akawa kimya hadi tulipoona lango na yule mzee amesimama na fimbo yake.

"Mami, nimsalimie?"

"Ngoja," nikamwambia. "Nianze mimi."